Pini za Mgongoni

Nguo alizoziacha Xavérine kando ya ziwa zilikuwa zimepangwa vizuri mno. Hilo ndilo lililomsumbua Inspekta Kabatesi tangu mwanzo. Mtu anayekwenda kujitupa majini hapangi nguo zake kama anaziuza.

Sasa alikuwa amezipanga tena vilevile, safari hii juu ya meza ya kukatia vitambaa, ndani ya duka la Xavérine mwenyewe, karibu na Petite Barrière, kivuko cha mpakani cha kwenda Goma. Sketi ya mushanana, vazi la sherehe la Kinyarwanda, chini, blauzi juu yake, kitambaa cheupe cha begani kimekunjwa, na juu ya vyote urugori, ile taji ya bua la mtama ambayo mama aliyezaa anaivaa kichwani. Mwanamke aliyeshuka ziwani kuosha masufuria ndiye aliyezikuta hivyo juu ya mawe. Viatu havikuwepo. Maiti haikuwepo. Kivu likiamua kutorudisha mtu halirudishi, na afande Karenzi, mkubwa wa Kabatesi, alikuwa ameshasema faili liandikwe kuzama na lifungwe. Kabatesi aliomba mchana mmoja tu. Alipewa kwa shingo upande.

Duka lilinuka chai. Xavérine alishona nguo mpya za mtindo wa zamani: mishanana ya enzi za mabibi, blauzi zenye mikono ya kuvimba, mikanda ya shanga, vipochi vya gome la mti, vifungo vya pembe ya ng'ombe. Kitambaa kipya alikiloweka kwenye chai nzito mpaka kikawa na rangi ya kitu kilichotoka kwenye sanduku la marehemu bibi. Watu wa harusi walimfuata kutoka Goma na Kigali. Wengine walilia mbele ya kioo, kwa sababu walijiona wamefanana na picha zilizopotea.

Waliokuwepo ni watu wawili. Rugema, mume wa Xavérine, alikaa kwenye benchi akiwa na koti jeusi, mikono juu ya magoti. Alikuwa mtu mpole wa sauti ya chini, anayejulikana kanisani, na tangu Kabatesi aanze kumhoji hakuwahi kukasirika wala kujichanganya. Mukasine, mdogo wa Xavérine, alisimama karibu na jiko la mkaa ambalo birika la chai ya vitambaa halikuwahi kuondolewa juu yake. Mukasine huyo ndiye aliyemwambia Kabatesi siku ya kwanza kwamba Kiswahili chake kinafanana na redio. Kabatesi alizaliwa Karagwe, Tanzania, na hapa Rubavu alikuwa bado mgeni. Kila akifungua mdomo watu walijua.

Alikuwa na mbinu yake aliyoizoea. Alipenda kueleza mambo mbele ya ndugu wa mtu, polepole, huku akiangalia nyuso zao. Anayejua kitu huwa anafika kwenye jibu kabla ya wengine, na uso wake unafika kabla ya mdomo.

Akaanza na dirisha. Pale dirishani lilisimama sanamu la kuonyeshea nguo, uchi kabisa. Akauliza lilikuwa limevaa nini.

Mukasine akasema hajui, nguo zinabadilika kila mara.

"Ni hizi," Rugema akasema bila kusita. "Nyeupe, zote. Hata mi niliziona pale."

Kabatesi akaigeuza blauzi. Mgongoni, kuanzia shingo hadi kiunoni, kulikuwa na mstari wa matundu madogo kila upande, na chini kabisa pini moja ilikuwa bado imebaki, kichwa chake chekundu kama tone. Akawaeleza. Sanamu ni jembamba kama mwiko, kwa hiyo nguo inavutwa nyuma na kushikwa kwa pini ili mbele ionekane imekaa. Akachukua futi ya kitambaa, akaipima blauzi kwa kufuata matundu, jinsi ilivyokuwa imebanwa. Halafu akapima moja ya blauzi za Xavérine zilizokuwa kwenye msumari. Tofauti ilikuwa kubwa, hata mtoto angeiona.

"Xavérine hakuvaa nguo hizi," akasema. "Hakuna mtu aliyezivaa, pini hii ingemchoma. Zilitoka kwenye sanamu zikaenda moja kwa moja kwenye mawe."

Rugema aliinua kichwa. "Donc, hakuingia kwa maji?"

"Sidhani."

Kabatesi alimwangalia vizuri. Alitegemea kilio au furaha, hata kizunguzungu. Rugema alikaa tu, akaanza kupangusa vumbi ambalo halikuwepo kwenye goti la suruali. Mshtuko, Kabatesi akajisemea. Watu wanashtuka kila mmoja kwa namna yake.

Akaendelea, kwa sababu sehemu aliyoipenda zaidi ilikuwa bado. Akainua urugori kwa vidole viwili. Xavérine hakuwa na mtoto. Fundi kama yeye alitengeneza urugori kwa ajili ya akina mama wengine, lakini asingeweza kuuweka kwenye nguo zake za mwisho, maana angekuwa anajidanganya mbele ya Mungu. Kwa hiyo aliyezipanga nguo hizi hakujua mila. Aliona vitu vya kupendeza, akavirundika pamoja. Mgeni labda, au mteja. Mtu aliyemchukua Xavérine na kutaka tuamini ameliwa na ziwa.

"Na kuna jambo lingine," akasema.

Ukutani zilining'inia urugori za dukani, kavu, za njano, zimeshonewa shanga. Akausogeza huu wa mezani karibu nazo. Huu haukuwa na shanga hata moja. Ulikuwa umefungwa kwa uzi wa cherehani, na ndani ya ganda ulikuwa bado na ubichi. Akaukwaruza kwa ukucha, akaunusa.

"Bua hili lilikatwa shambani juzijuzi. Siku hizi nani analima mtama? Mudende ni viazi, Busasamana viazi, kwingine mahindi. Waliobaki na mtama ni wa kutafuta. Nikilipata shamba, nitampata Xavérine."

Hapo ndipo birika lilipoanguka.

Halikuanguka lenyewe. Kabatesi aliliona likipita juu ya meza mkononi mwa Mukasine, likainama, na chai nyeusi ikamwagika juu ya blauzi, juu ya urugori, ikatiririka hadi sakafuni. Mukasine aliomba msamaha, akasema mkono umeteleza. Lakini katika duka ambalo chai ni rangi, hakuna anayepitisha birika juu ya kitambaa cheupe. Hata mtoto wa jirani anayetumwa kuomba sindano anajua kuzunguka.

Basi ni huyu, Kabatesi akawaza. Ni mdogo wake mwenyewe.

Akamgeukia Rugema, akamwomba kwa heshima awaache peke yao kidogo.

Rugema alisimama mara moja. Aliutazama urugori uliolowa chai, halafu akatazama barabara.

"Ni kweli, afande," akasema taratibu. "Mutama siku hizi iko na watu wachache. Bon. Mi naenda kuambia watu wa kanisa wangoje na mazishi."

Akachukua helmeti yake, akatoka. Wakasikia pikipiki ikiwaka.

Kabatesi alivuta kiti, akamwambia Mukasine akae. Mukasine hakukaa. Alikuwa ameegemeza sikio kwenye mbao za mlango, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesikiliza mtoto analia nyumba ya mbali.

"Pikipiki imepanda ama imeshuka?" akauliza.

"Nini?"

"Afande, sikiliza. Imepanda ama imeshuka?"

Kabatesi akasikiliza. Mlio ulikuwa unapungua kuelekea juu, njia ya mlimani.

"Imepanda."

Mukasine akateleza na mlango mpaka akakaa chini. "Kanisa iko chini," akasema.

Chai ilikuwa bado inadondoka kutoka mezani. Kabatesi alihisi kitu cha baridi kikimpanda mgongoni, palepale ambapo pini za sanamu zilikuwa. Akamwambia aseme yote, sasa hivi.

"Nikisema kwa mudomo hautaamini. Mutu wote anamupenda. Kuya uone."

Akamshika mkono, akamvuta kupitia mlango wa nyuma. Uani kulikuwa na kuku waliokuwa wakichakura kila mahali, isipokuwa pembe moja. Katika pembe hiyo ngazi chache za mawe meusi zilishuka kwenye mlango wa bati. Ilikuwa stoo ya kuwekea nguo, imechimbwa ndani ya mwamba wa volkano, baridi, mahali pazuri kwa vitambaa vya hariri, kila mtu alisema hivyo. Kabatesi mwenyewe alikuwa ameichungulia siku ya kwanza kutoka juu ya ngazi, akaona nguo zimetundikwa, akaandika kwamba hakuna kitu.

Sasa alishuka. Nguo zilikuwa zimening'inia juu, ndani ya mifuko. Lakini sakafuni, nyuma yake, kulikuwa na godoro. Lilikuwa limetandikwa shuka jipya, lenye mikunjo ya pasi. Kulikuwa na mto uliofumwa maua, blanketi zito, hata glasi ya maji iliyofunikwa kwa kisahani. Lilikuwa limeandaliwa kama la mgeni wa heshima. Matundu ya hewa yaliyokuwa karibu na dari yamezibwa na vipande vya gome la mti, vimekatwa kwa kipimo, vimegongewa misumari. Karibu na mto alilala mjusi, amekauka. Mbele kidogo panya, naye vilevile.

"Usiiname," Mukasine akasema kutoka juu ya ngazi. "Afande, usiiname kabisa. Uko na kiberiti?"

Alikuwa nacho. Aliwasha njiti mbele ya kifua, ikawaka vizuri. Akaishusha. Usawa wa tumbo moto ulirefuka na kuwa mwembamba, ukageuka rangi. Usawa wa goti ukazimika. Hapakuwa na upepo. Ulizimika kama vile mtu ameubana kwa vidole. Na moshi wa ile njiti haukupanda wala kushuka. Ulitandaa hewani, bapa, kama umelala juu ya meza isiyoonekana. Chini ya meza hiyo ndipo godoro lilipokuwa.

Mazuku. Alikuwa amelisikia jina hilo tangu ahamie Rubavu, pumzi mbaya inayotoka ardhini na kukaa mabondeni, inayoua mbuzi na watu waliolala bila kuwaamsha. Alikuwa amelisikia kama unavyosikia habari za mamba wa mto wa mbali. Sasa lilikuwa limefika magotini mwake. Kichwa kikaanza kumgonga. Akapanda ngazi haraka kuliko alivyotaka Mukasine aone, akafunga mlango, akatia kufuli lililokuwa limening'inia pale na ufunguo wake, akaweka ufunguo mfukoni.

Mukasine alieleza akiwa amejishika mabega. Mke wa kwanza wa Rugema alikufa ndani ya stoo hiyo hiyo, amelala. Watu walimlilia mume, wakasema ni bahati mbaya, ni ardhi, ni Mungu. Nyumba ilikuwa ya marehemu, ikabaki kwa Rugema. Halafu akamwoa Xavérine, na duka likaandikwa kwa jina la Xavérine, na likakua. Majira haya ya harusi yalipoanza, Rugema akaleta godoro. Akasema wezi wa mpakani ni wengi, nguo za watu haziwezi kulala zenyewe, mke wangu alale kule azichunge. Alisema kwa upole. Kila jioni alimkumbusha kwa upole. Xavérine akatoa sababu: kikohozi, wageni, tumbo. Sababu zikaanza kuisha.

"Kwa nini hakuja kwetu polisi?"

"Angesema nini?" Mukasine hakupandisha sauti. "Kwamba bwana yake amemutandikia kitanda muzuri?"

Kabatesi aliugeuzageuza ufunguo mfukoni.

"Ile urugori ni yangu," Mukasine akaendelea. "Alinitumia mimi. Tukiwa watoto tuliambiana, wa kwanza kubeba mimba atapelekea mwenzake urugori. Alijua polisi wataniita nitambue nguo. Ilikuwa kuniambia, mi ni muzima, na niko na mimba. Njo sababu alikimbia sasa. Nguo za manekeni, ile sanamu, alizitoa juu ya sababu moja tu, hakuweza kuacha zake aende uchi."

Kabatesi alikuwa ameuona ujumbe huo wote na kuusoma kinyume. Aliyejua mila kuliko wote ndiye aliyezipanga zile nguo. Hata pini: mgeni angezing'oa zote au angeziacha zote. Fundi alizichomoa kwa mazoea ya mkono, gizani, akasahau moja.

"Mtama ni wa nani?" akauliza, ingawa tayari alikuwa anakimbia kuelekea gari.

"Marraine wake, mama yake wa ubatizo, Vérédiane. Kule Nyakiriba. Alileta pombe ya mutama siku ya harusi. Rugema alikunywa, alisifu." Mukasine alikuwa anakimbia pembeni yake. "Alikuwa amesahau yule mama. Mi nilikuwa naomba Mungu asikumbuke. Halafu we ukaanza kusema mutama, mutama."

Hitimana, dereva, alikuwa amelala na kofia usoni. Aliwasha gari kabla hajafungua macho vizuri. Kabatesi alipiga simu kituoni, akaomba mtu wa kulinda ile stoo, asimruhusu yeyote kuingia, hata mwenye nyumba. Halafu akatafuta namba ya mkuu wa mudugudu, yaani wa kijiji, kule Nyakiriba.

Barabara ilipanda kwa kona. Malori ya viazi yalishuka, na nyuma ya kila lori Hitimana alilazimika kusubiri nafasi. Mukasine alikaa nyuma, akihesabu kitu kwa midomo, pengine rozari. Kabatesi alitazama kila pikipiki mbele yao. Alikuwa anakumbuka uso wa Rugema pale dukani. Mtu anaambiwa mke wake hakuzama. Anaambiwa pengine amechukuliwa na mtu. Swali la kwanza la kila mume ni moja: nani? Rugema hakuliuliza. Aliacha pengo pale ambapo swali lingekaa, na yeye, Kabatesi, akalijaza pengo hilo kwa neno mshtuko. Halafu akamwomba atoke nje.

Simu ikapokelewa. Mkuu wa mudugudu, Wellars, alikuwa na sauti ya furaha.

"Afande, usihangaike tena," akasema. "Yule mama iko hapa, mzima kabisa. Bwana yake amefika saa hii. Tuko nawapatanisha, mambo imeisha vizuri."

"Msimwache aondoke naye," Kabatesi akasema. "Unanisikia? Wasiondoke."

"Hata, hawaendi bado. Wanakunywa kwanza." Nyuma yake watu walikuwa wanacheka.

*

Nyumba ya Vérédiane ilikuwa juu ya barabara, na nyuma yake shamba dogo la mtama, la pekee kwenye mteremko mzima wa viazi. Pikipiki ya Rugema ilisimama mlangoni, helmeti mbili zimening'inia kwenye usukani. Alikuwa amenunua ya pili njiani.

Ndani kulijaa majirani. Kibuyu cha pombe kilikuwa katikati na mirija yake. Rugema alikaa karibu na mlango, koti limefungwa vifungo vyote, na kila mtu alikuwa anamwangalia kwa huruma, mume aliyelilia maiti akampata mtu. Bibi Vérédiane alisimama kwenye kona, mikono imekunjwa, hachekelei. Na kwenye mkeka, mgongo umegusa ukuta, alikaa Xavérine.

Alikuwa mwanamke mpana, wa uso wa utulivu, na Kabatesi, aliyekuwa amepima blauzi zake, aliona ajabu kumwona akipumua. Mkono wake wa kulia ulikuwa unapapasa ukosi wa gauni lake, palepale ambapo fundi huchomeka pini zake, ukitafuta, ukikosa, ukirudi tena.

Wellars alimkaribisha afande kiti. Akamweleza kwa urefu jinsi walivyoongea. Mke alikuwa amechoka na kazi, amekasirika kidogo, wanawake wana siku zao, mume amesamehe yote mbele ya watu. Kilichobaki ni wao kurudi nyumbani kabla mvua haijaanza. Majirani wakaitikia. Mzee mmoja alisema kwamba angekuwa yeye, angekuja na fimbo, lakini huyu amekuja na helmeti. Watu wakacheka. Rugema akatabasamu chinichini.

"Nilikuwa na hofu tu, afande," akasema. "Nilimutandikia mahali pazuri, akafikiri namufukuza kwa chumba. Ni kutosikilizana. Nyumba yetu inamungojea."

Kabatesi alimgeukia Xavérine, akamwuliza mbele ya wote kama anaogopa kurudi.

Xavérine alimtazama mumewe, halafu majirani, halafu kibuyu. "Hapana, afande," akasema. Mkono uliendelea kupapasa ukosi.

Na kwa nini aseme ndiyo? Kabatesi aliiona nyumba nzima kwa macho ya yule mwanamke. Angesema anaogopa, wangeuliza nini. Angesema kitanda. Wangecheka tena. Na mwisho wa kicheko angepanda pikipiki. Hapakuwa na kisu hapa, wala alama ya kipigo, wala neno baya. Hakuna sheria inayokataza kumtandikia mke shuka jipya. Njiti ya kiberiti ilikuwa imemwonyesha Kabatesi hewa, haikumwonyesha mkono wa mtu. Ushahidi wa misumari na yale magome ungekuja baadaye, kwa wataalamu, kwa karatasi, na Xavérine alitakiwa kuwa hai mpaka siku hiyo.

Mukasine alikuwa amefika mlangoni. Aliona ndugu yake, hakumkimbilia. Alikuwa anamwangalia Kabatesi kama alivyomwangalia kule dukani, kabla ya birika.

Safari hii Kabatesi hakueleza chochote. Alisimama.

"Xavérine, simama," akasema, kwa kile Kiswahili chake cha redio. "Uko chini ya ulinzi."

Kicheko kikakatika.

"Umepanga nguo kando ya ziwa ili serikali iamini umekufa. Watu wameacha kazi wakakutafuta majini. Faili limeandikwa kwa jina lako. Kupotosha upelelezi ni kosa, na utalijibu ofisini."

Rugema alikuwa amesimama pia. Kwa mara ya kwanza tangu Kabatesi amjue, sauti yake ilipanda kidogo tu, kama moto ule wa njiti ulivyorefuka usawa wa tumbo.

"Lakini mi nimemusamehe, afande. Watu wote wamesikia."

"Wewe umemsamehe. Mimi bado."

"Mumufungie mwanamke juu ya nguo? Siku ngapi?"

"Mpaka nimalize kumwuliza."

"Basi nitakuja naye. Nitakaa naye kule."

"Utaitwa," Kabatesi akasema. "Siku yako ipo."

Wakatazamana. Rugema alikuwa na macho mazuri, ya mtu msikivu, na Kabatesi aliona yakishuka polepole kutoka usoni mwake yeye inspekta hadi kwenye mfuko wa koti lake la kazi, pale ambapo ufunguo wa stoo ulikuwa umetokeza kidogo, na uzi wake mwekundu. Rugema aliutambua. Alirudi akakaa, akavuta mrija, akanywa.

Majirani walianza kunung'unika. Yule mzee alisema polisi wa siku hizi wanavunja nyumba za watu. Mama mmoja akamwambia Kabatesi waziwazi kwamba hana aibu, na kwamba inaonekana hajaolewa. Kabatesi alikubali kwamba ni kweli hajaolewa, akatoa pingu.

Xavérine alikuwa ameshasimama. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, haraka, kama mtu anayepokea mtoto. Pingu zilipojifunga akashusha pumzi ndefu. Vérédiane akaja kutoka kwenye kona, akamfunika mabega kwa kitenge, akamnong'oneza jambo, na ndiye mtu pekee ndani ya nyumba ile aliyemshukuru afande, kwa kumgusa tu kiwiko.

Mvua ilianza walipokuwa wanashuka. Ndugu wawili walikaa nyuma, mikono ya mmoja ndani ya mikono yenye pingu ya mwingine. Hitimana aliangalia kioo mara nyingi kuliko kawaida. Kabatesi naye akaangalia. Nyuma yao, mbali kidogo, pikipiki moja ilikuwa inawafuata kwenye mvua, taa imewashwa. Helmeti ya pili ilikuwa bado inaning'inia kwenye usukani. Wakipunguza mwendo, ilipunguza. Haikujaribu kuwapita.

Simu ya afande Karenzi iliita. Kabatesi aliiacha iite. Alikuwa anafikiria atakavyomwambia mkubwa wake kwamba maiti imepatikana na ameifunga pingu.

"Afande," Xavérine akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuongea bila kuulizwa. Sauti ilitoka nyembamba, imekauka. "Kile chumba munafungia watu. Iko juu ama iko chini?"

Kabatesi hakugeuka. Alikuwa anaitazama ile taa kwenye kioo.

"Juu," akasema. "Unapanda ngazi."

"Dirisha iko?"

"Lipo moja. Limeharibika, halifungi."

Halafu Xavérine akainamisha kichwa begani mwa Mukasine, na walipofika kwenye taa za mjini alikuwa amelala.